Filamu Iliyongoja Kujaa

Inspekta Janeffer Chepyegon aliishika kamera kwa leso, akaigeuza huku na huku, kisha akairudisha mezani taratibu. Tangu aanze kazi ya upelelezi Kericho alikuwa amefuata nyayo za ng'ombe walioibwa, magunia ya majani chai yaliyopotelea kati ya shamba na kiwanda, na safari moja hata jeneza. Filamu hakuwa amewahi. Wenzake ofisini walicheka walipoisoma ripoti, na yeye, tusimsingizie utakatifu, alicheka nao. Lakini alipofika Kapsoit akamwona msichana aliyeketi kwenye benchi la studio, mikono ameibana katikati ya magoti, kicheko kilimkauka.

"Nionyeshe tena, mzee," alisema.

Mzee Kebaso alisogea. Alikuwa mtu mfupi mwenye kofia ya sufi, mpiga picha aliyetoka upande wa Nyamira akiwa kijana na kufungua studio yake ya mabati hapo Kapsoit. Nusu ya watu wazima wa sehemu hizo walikuwa wamesimama mbele ya ukuta wake uliochorwa maporomoko ya maji, wakaambiwa wasipepese macho. Alinyoosha kidole kwenye kidirisha kidogo juu ya kamera.

"Hapa palikuwa na namba ishirini na mbili. Mimi naangalia hiyo namba kila asubuhi, hata kabla sijakunywa chai. Leo nimeangalia, inasema S. Hiyo ni mwanzo. Na hii namba hairudi mwanzo yenyewe, madam. Inarudi tu mtu akifungua huu mgongo."

"Na akifungua filamu ikiwa ndani?"

"Mwanga unaingia," alisema Kebaso. Alimtupia jicho yule msichana, akaangalia pembeni.

Msichana aliitwa Edinah. Alikuwa amemaliza kidato cha nne mwaka uliotangulia, na sweta ya shule bado aliivaa kwa sababu ya baridi. Janeffer alivuta kigoda akaketi mbele yake.

"Nieleze na wewe. Pole pole, hakuna mtu anatukimbiza."

"Mamangu alikuwa anaitwa Chelangat," alisema Edinah. "Alikufa kabla sijajua kutembea. Kogo, nyanyangu, ndiye alinilea, na hana picha ya mama hata moja. Kitambulisho kilirudishwa kwa serikali wakati walienda kuandikisha kifo, na siku hiyo hakuna mtu alikuwa na akili ya kutoa kopi. Sasa juzi kogo akakumbuka kuna siku mama alinibeba tukakuja kupigwa picha kwa huyu mzee, na hiyo picha haikuwahi kufika nyumbani. Nikakuja kumuuliza."

"Na iko," alidakia Kebaso. "Ilikuwako. Nilimpiga mbili, ishirini na moja na ishirini na mbili. Ndio za mwisho nilipiga na hii kamera."

"Mzee, huyu ni mtu mzima. Picha inakaaje ndani ya kamera mpaka mtoto aliyebebwa anamaliza shule?"

Kebaso alimtazama kana kwamba ameulizwa kwa nini hajavuna mahindi mabichi.

"Filamu haikuwa imejaa, madam."

Wasomaji waliozaliwa na simu mkononi watasema huu ni wazimu, lakini Janeffer hakuuliza mara ya pili. Alikulia Merigi, na alikumbuka vizuri mambo yalivyokuwa. Filamu moja ilikuwa na picha thelathini na sita, na hakuna mpiga picha wa soko aliyepanda gari kwenda mjini kuosha filamu kwa ajili ya picha tano. Ulipigwa picha yako, ukaenda zako, ukangoja harusi itokee, au mtu abatizwe, au majirani wanunue redio na kutaka kupigwa nayo. Filamu ikijaa, nyote mlioshwa siku moja. Yeye mwenyewe aliingojea picha moja mpaka sare aliyopigwa nayo ikambana.

Halafu ukaja ule mwaka wa uchaguzi ulioharibika, majirani wakafukuzana. Kebaso alifunga studio, akaficha kamera ndani ya gunia la mtama, akaondoka na mkewe kurudi Nyamira. Aliporudi Kapsoit, watu walikuwa wanapigana picha kwa simu, na duka la kuosha rangi mjini lilikuwa limegeuzwa la viatu. Wateja wa kuijaza ile filamu hawakutokea tena. Lakini mazoea ya kazi hayamtoki mtu kirahisi, na Kebaso hakuwahi hata siku moja kutoa filamu ambayo haijaisha.

"Basi huyu mtoto alipokuja kuuliza, nikamwambia angoje kidogo," alisema. "Hawa watu wa muvi waliokodi studio wakimaliza kazi yao, mkubwa wao Duke ataipeleka Nairobi kwa mtu anayejua kuosha. Tukakubaliana. Na jana asubuhi ishirini na mbili ilikuwa hapo, nimeiona na haya macho."

Janeffer alisimama. "Niitie huyo Duke."

Duke alikuwa nje akigombana na mtu kwenye simu kuhusu mvua. Alikuwa kijana wa miwani mikubwa, mzaliwa wa Keroka aliyehamia Nairobi, na alikuwa amekodi studio nzima kwa wiki moja kutengeneza sinema juu ya mpiga picha wa miaka ya tisini. Ukuta wa maporomoko, kiti cha kamba, maua ya plastiki, kamera rafuni: vyote alivitaka vilevile, na vumbi lake.

"Nimesikia ulimwambia mzee ungetoa chochote kuipata hiyo filamu," Janeffer alianza bila salamu ndefu.

Duke aliguna. "Nilisema, madam. Sitakataa. Hiyo aina kiwanda kiliacha kutengeneza kitambo. Iliyobaki ndiyo hiyo hiyo iliyobaki. Mtu wa filamu akiona moja imekaa ndani ya kamera, imepigwa, hajui ni nani yuko ndani, lazima mate imtoke."

"Fungua gari."

Nyuma ya gari kulikuwa na sanduku la kuhifadhia barafu. Janeffer alitegemea kukuta soda. Alikuta filamu, kopo juu ya kopo, zimepangwa kwa upendo ambao wanaume wengine huuweka kwa jogoo wao. Alimwita Kebaso, na mzee akaanza kuzitoa moja moja, akizinusa, akizisoma, akizirudisha. Alipofika ya mwisho alitikisa kichwa.

"Hakuna yangu hapa."

"Kijana, hizi zote za nini?" Janeffer aliuliza. "Simu yako inapiga picha nzuri kuliko macho yangu."

"Kwa simu, nikiwa na nyanyangu, napiga mia, madam, na siangalii hata moja," alisema Duke. "Hizi, naweza kumpiga moja tu. Kwa hivyo kwanza namwangalia." Aliona haya kidogo kwa kusema hivyo, akafunga sanduku. "Na kitu kingine. Kama ningekuwa mimi, ningeizungusha irudi ndani ya kopo kabla ya kufungua. Kuna hii mkono ya kuzungusha. Mtu yeyote wa filamu anaanza hapo."

Janeffer alirudi ndani. Alifungua mgongo wa kamera na kuielekeza dirishani. Upande wa kulia, ndani ya ufa wa kigingi kile ambacho filamu hujikunja juu yake, kulikuwa na kipande cheusi, kidogo kuliko ukucha. Alikitoa kwa kibanio. Kingo zake zilikuwa zimeraruka.

"Haikuzungushwa," alisema. "Imevutwa kwa nguvu. Ulimi wa filamu umekatikia ndani." Akamgeukia Duke. "Haya, wewe tulia, kunywa maji. Lakini usiende mbali."

Aliyefuata alikuwa Valary, mwigizaji mkuu, ambaye kila mtu Kapsoit alikuwa amekwisha kujua anakunywa chai bila sukari. Alikuwa na gauni la zamani la mikono mipana na uso wa mtu ambaye hajalala vizuri.

"Jana mlifanya nini humu kabla ya chakula cha mchana?"

"Tulifanya mazoezi ya sini ya mwisho. Ile ambapo nakuja kwa studio ya mpenzi wangu, amekufa, napata kamera yake."

"Nionyeshe."

Valary alimwangalia Duke, naye akampa ishara ya kichwa. Mwigizaji alivuta pumzi. Alikwenda rafuni, akachukua kamera hewani, kwa sababu ile ya kweli ilikuwa mezani kwa Inspekta, akaikumbatia, akaifungua mgongo, na kwa mkono mmoja akavuta utepe mrefu wa filamu isiyokuwepo, akauinua dirishani. Macho yake yakajaa machozi kweli. Hata Edinah aliinua kichwa.

"Hapo anaona nini?" Janeffer aliuliza.

"Uso wake."

"Filamu haijaoshwa?"

"Kwa muvi inaonekana, madam."

Mzee Kebaso alipiga paja. "Hiyo ni kumuua mtu mara ya pili! Ukivuta hivyo dirishani hakuna uso, hakuna kitu, imekwisha! Na hawa ndio hao hao wameweka karatasi nyekundu kwa chumba changu cha giza, ati filamu inaoshwa kwa taa nyekundu. Taa nyekundu ni ya kuchapa picha kwa karatasi. Hata karatasi ya rangi haiitaki. Filamu inataka giza, giza ya kaburi. Lakini kwa muvi lazima wawe wekundu na wanabusiana."

"Mzee, mimi najua," Duke alisema kwa unyonge. "Lakini mtu amekaa kwa kiti anataka kuona uso. Nikimwambia angoje dawa, analala."

"Jana mlitumia kamera ipi kwa hayo mazoezi?"

"Hiyo ya mzee," Valary alikiri. "Lakini sikuifungua, haki ya Mungu! Nilifanya mkono tu. Siku ya kushuti tungetumia nyingine. Nikarudisha kwa rafu, mvua ya mawe ikaanza, tukakimbia hoteli ng'ambo ya barabara."

"Mlango?"

"Tuliuegesha."

"Nani wengine walikuwa humu wakati wa mazoezi?"

"Crew yetu, wote tulikula pamoja. Na wale wazee wa hapa Duke alichukua wakae kwa benchi kama wateja. Hao walienda kwao."

Janeffer aliingia chumba cha giza. Kilikuwa kijichumba chenye meza ya zege na sinki iliyokauka. Ubao uliokuwa ukiziba dirisha ulikuwa umeng'olewa na kuegeshwa ukutani, na mahali pake watu wa sinema wamebandika karatasi nyekundu ya plastiki. Chumba chote kilikuwa chekundu. Chini ya meza alikuwa ameona, tangu asubuhi, kipande cha karatasi nyeusi ya nailoni, akakidhania taka za waigizaji. Sasa aliinama akakiokota.

Hakikuwa taka. Kilikuwa mfuko mwembamba uliokatwa, wazi huku na huku kama soksi isiyo na kidole, na ndani yake mlikuwa na udongo mwekundu. Janeffer alikaa nao mkononi. Kwao Merigi kila boma lenye chai lilikuwa na mifuko hii kwa maelfu: ndiyo inayopandwa miche mpaka iote mizizi.

Alirudi kwa wengine.

"Duke, hii ni yenu?"

"Hapana. Hiyo ni nini?"

"Ya nasari, kitalu cha miche ya chai. Sasa nisikilizeni. Mwizi wa kuuza angetia filamu mfukoni akaenda. Huyu alikuja na kitu cheusi makusudi, akaingia chumba cha giza, akafunga mlango, akaifunika. Hakutaka iharibike. Huyu anataka picha." Aliketi mbele ya Kebaso. "Mzee, tangu asubuhi sote tunaongea kana kwamba hiyo filamu ni ya Edinah peke yake. Namba yake ni ishirini na moja. Nani wako mbele yake?"

Mzee Kebaso alivua kofia. Midomo yake ilianza kucheza kimya, mtu akihesabu nyuso. Kisha akashika tama.

"Ya kwanza kabisa," alisema polepole, "ni mtoto wa Nyaberi. Benard. Alikuwa anaingia form one. Yuniform mpya."

"Nyaberi yupi?"

"Yule wa nasari kule chini mtoni. Jana alikuwa hapo kwa benchi," alisema Kebaso. "Madam, huyo mtoto alikufa. Pikipiki."

* * *

Walishuka wanne: Janeffer mbele, Kebaso nyuma yake, Duke akiteleza kwa viatu vyake vya mjini, na Edinah ambaye hakuna aliyemwalika wala aliyethubutu kumrudisha. Nasari ya Nyaberi ilikuwa chini ya kivuli cha neti nyeusi, safu kwa safu za miche ndani ya mifuko, imemwagiwa maji muda si mrefu. Mwenyewe alikuwa amechutama akipalilia. Alikuwa mwanamume mrefu mwenye mabega yaliyoinama, aliyefanya kazi katika mashamba makubwa ya chai mpaka akastaafu.

"Karibu, madam. Karibuni," alisema. Macho yake yalipita juu ya Kebaso bila kusimama.

"Asante, mzee. Nasikia umekuwa mwigizaji."

"Kukaa kwa benchi tu. Hata hawakuniruhusu kukohoa."

"Jana mvua ya mawe ilikukuta wapi?"

"Hapa. Nilikuwa nafunika miche."

"Hukurudi studio?"

"Nirudi kufanya nini?"

Janeffer hakubishana. Alianza kutembea kati ya safu, mikono nyuma, akiisifia miche mmoja mmoja kama mgeni aliyekuja kununua. Nyaberi alimfuata kwa macho. Safu ya kwanza, ya pili. Udongo wote ulikuwa mweusi kwa maji, na kila jani limesimama wima. Katikati ya safu ya tatu alisimama. Mfuko mmoja ulikuwa na udongo mkavu, umepauka, na kijiti cha chai kilichochomekwa juu yake kilikuwa kimelegea majani.

"Mzee, huyu mbona umemnyima maji?"

"Huyo... alinipita tu."

"Mtu wa nasari maisha yake yote, mche mmoja unampita, wa kushoto na wa kulia wamekunywa?"

Aliinama akashika ule mfuko. Ulikuwa mwepesi. Alipoanza kulifungua fundo lake, Nyaberi alisimama ghafla, mikono mbele.

"Polepole, madam! Usifungulie hapa! Kuna jua!"

Basi hapo kesi ilikuwa imekwisha, na kila mtu alijua. Nyaberi alirudi kuchutama pale pale alipokuwa, akakifunika kichwa kwa mikono yake.

"Nilisikia yule msichana wa muvi akisema ataivuta dirishani," alisema. "Nikaona ameishika kamera yenyewe, hiyo ya Kebaso. Nikajiuliza, na Benard je? Vitu vyetu vyote vilibaki kwa nyumba mwaka ule tulipotoroka. Picha za shule, za ubatizo, zote. Nilikuwa nasema haidhuru, mtoto niko naye mwenyewe. Halafu na yeye akaenda. Ndiyo hiyo moja tu imebaki, na iko ndani ya hicho kitu, na wanaenda kuivuta dirishani ili watu walie kwa muvi!"

"Mbona hukuniambia mimi?" Kebaso alisema, na sauti yake ilikuwa na uchungu.

"Nikuambie mara ngapi? Tangu nimzike nimekuja kwako. Kila nikija, haijajaa. Nikiuliza tena, haijajaa. Mpaka nikaacha kukusalimia, Kebaso, na wewe hata hukuuliza kwa nini."

Kwa mara ya kwanza siku hiyo Kebaso alionekana mzee kweli. Janeffer alikohoa. Kulikuwa na swali moja lililobaki, na hakulipenda.

"Mzee Nyaberi, uliifungulia wapi?"

"Ndani ya chumba cha giza," alisema Nyaberi, akiinua uso kwa aina ya fahari. "Mimi si mjinga. Nilifunga mlango, nikafungulia kwa ile taa nyekundu, vile wanafanya. Ikakwama kidogo, nikavuta, nikaitia kwa mifuko mitatu."

Duke aliziba mdomo kwa kiganja. Kebaso alifumba macho. Nyaberi alimtazama huyu, akamtazama yule.

"Si nyekundu ndiyo inafaa?" aliuliza. "Si hata kwa muvi ni nyekundu?"

Edinah, aliyekuwa amesimama kando ya neti, ndiye aliyeelewa wa mwisho. Aligeuka akatazama mto.

* * *

Duke alikuwa na dawa za kuoshea ndani ya gari. Zilikuwa za picha nyeusi na nyeupe, na alieleza kwamba za rangi kwa filamu ya aina hiyo hazipatikani tena, lakini hizi huweza kuokoa umbo, na umbo ni heri kuliko kwenda Nairobi na kurudi mikono mitupu. Alimwuliza Edinah kama anakubali. Edinah alisema aulizwe pia Mzee Nyaberi. Wote wawili walikubali.

Ile karatasi nyekundu Duke mwenyewe aliibandua, akaikunja, akaitupa nje. Ubao ukarudishwa dirishani na nyufa zikazibwa na matambara. Duke na Kebaso waliingia wakafunga mlango, na wengine wakabaki kwenye benchi wakisikiliza. Mara kwa mara ilisikika sauti ya mzee ikikemea kwa Kigusii na ya kijana ikijibu kwa heshima. Nyaberi alikuwa ameketi mbali na Edinah, pembeni kabisa. Janeffer alisimama mlangoni. Pingu zilikuwa kiunoni na hakuwa amezigusa, na nia ya kuzigusa hakuwa nayo.

Mlango ulipofunguliwa, Duke alikuwa ameshika utepe mrefu unaochuruzika maji. Aliutundika kwenye kamba mbele ya dirisha, na wakati huu hakuna aliyepiga kelele. Alitoa simu, akaanza kupiga kila picha na kuigeuza ili nyeupe iwe nyeupe na nyeusi iwe nyeusi.

Ya kwanza ilikuwa na ukungu, lakini ilikuwapo. Kijana mwembamba, sweta ya shule imemzidi mikono, soksi zimevutwa hadi magotini, amejikaza asicheke. Nyaberi aliipokea simu kwa mikono miwili. Hakulia. Alisema tu, "Huyu alikuwa ametoka kunyolewa. Angalia sikio." Akarudia maneno hayo mara mbili, tatu, akimwambia kila mtu aangalie sikio.

Zikafuata harusi, mbuzi mwenye utepe shingoni, kwaya ya kanisa. Kadiri utepe ulivyoendelea, ukungu ulizidi kuzila kingo. Duke alipunguza mwendo. Aliangalia mbili za mwisho kwa muda mrefu.

"Ishirini na mbili hakuna," alisema. "Ilikuwa ya juu kabisa. Mwanga umeila yote."

"Na ishirini na moja?" aliuliza Janeffer.

Duke alimpa Edinah simu. Nusu ya picha ilikuwa imekwenda. Kwenye nusu iliyobaki, mbele ya maporomoko yaliyochorwa, mwanamke kijana mwenye kitambaa kichwani alikuwa ameketi na mtoto aliyefungwa shali. Ameinamisha kichwa. Kilichoonekana ni paji la uso, shavu moja, na kope zilizoshuka.

"Hiyo alikataa kuangalia kamera," Kebaso alisema. "Nilimwambia, mama, hapa, angalia hapa. Akakataa. Ndiyo nikampiga ya pili. Ya pili aliangalia, aliangalia vizuri kabisa. Ndiyo hiyo imepotea."

Nyaberi aliinuka kutoka kwenye benchi. Alikuwa amekwisha kuunganisha mikono na kumnyooshea Inspekta.

"Nipeleke, madam. Mimi nimepata wangu, na huyu mtoto nimemharibia. Nipeleke tu."

Janeffer alimtazama Kebaso, aliyekuwa mlalamishi kwa mujibu wa sheria, na Kebaso akatikisa kichwa kukataa. Kisha wote watatu wakamgeukia Edinah, kwa sababu sheria haikuwa na la kusema tena na neno lilikuwa lake.

Edinah hakuwa akiwasikiliza. Alikuwa akiitazama ile picha, akiikuza kwa vidole viwili, akisogea juu mpaka kwenye zile kope, akishuka mpaka kwenye shali, akipanda tena.

"Uso niliutaka," alisema mwishowe. "Siwezi kudanganya. Niliutaka sana." Alijifuta pua kwa mkono wa sweta. Kisha akamwendea Nyaberi, akaishusha ile mikono yake iliyokuwa bado hewani, akamshikisha simu.

"Lakini ona, baba. Ameambiwa aangalie kamera, na amekataa. Ananiangalia mimi."